Sheria ya viza ya siku ulipoanza masomo si kinga

Wanafunzi wengi wa kigeni nchini Uingereza huamini kwamba sheria iliyokuwapo walipopewa viza ndiyo itakayowalinda hadi mwisho. Si kweli, na inaniuma kuona mtu akipanga maisha yake juu ya imani hiyo.

Tazama viza ya wahitimu, inayomruhusu aliyemaliza chuo kubaki na kufanya kazi. Imekuwa ya miaka 2, au 3 kwa wenye shahada ya uzamivu. Atakayeomba kuanzia Januari 1, 2027 atapewa miezi 18 tu. Wa uzamivu watabaki na miaka yao 3. Kinachohesabiwa ni siku ya kuomba, hata kama masomo uliyaanza zamani. Wala huwezi kuwahi foleni, kwa sababu ni lazima kwanza chuo kiijulishe Wizara ya Mambo ya Ndani kwamba umehitimu.

Katazo la kuja na mwenzi au watoto lilipangwa vingine: liligusa kozi zilizoanza Januari 1, 2024 au baadaye, isipokuwa watafiti na wachache wengine. Waliotangulia walisalimika.

Basi ukisikia tangazo, tafuta kwanza tarehe inayotajwa: ni ya kuanza kozi, au ya kuomba?