Chuma cha zinki kisichong'aa si feki

Wapo wajenzi Mtwara wanaokataa nguzo au bomba la zinki likiwa la kijivu lisilong'aa, wakidhani ni feki. Sivyo, na inauma kuona chuma kizuri kikirudishwa dukani. Chuma huchovywa kwenye zinki iliyoyeyuka, karibu nyuzijoto 450 za Selsiasi. Chenye silikoni nyingi hushikana na zinki kwa kasi, mchanganyiko wao ukafika hadi juu na kuleta ukijivu. Mara nyingi tabaka hilo ndilo nene zaidi. Hata kinachong'aa leo kitafifia. Kwa chumvi ya bahari ya Shangani au Mikindani, uliza unene wa zinki kwa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita). Ukiona unga mweupe mzito, hapo kagua: huenda vyuma vilirundikwa vikiwa vimelowa.