Joto la turbo mbili: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

Nissan 370Z ilitoka kiwandani bila turbo, ile pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kuisukumia injini hewa ya ziada. Injini yake, VQ37VHR ya lita 3.7 na silinda 6, inatoa nguvu za farasi 332 kwa kuvuta hewa yenyewe tu, na uwiano wake wa mgandamizo, yaani kiasi ambacho pistoni hubana hewa ndani ya silinda, ni 11 kwa 1. Wapenzi wa gari hili, kuanzia Marekani hadi nchi za Ghuba, hununua seti ya turbo mbili, wakang'oa manifoldi za ekzosi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda), wakafunga turbo kwa bolti kila upande wa injini na kufika farasi 500 bila kugusa pistoni. Inawezekana, na likifanyiwa kazi vizuri ni gari tamu kweli. Linalowashinda wengi ni joto, na kinachoumiza ni kwamba hushindwa kwa kufuata ushauri ambao nusu yake ni sahihi.

"Busti ni ndogo, kwa hiyo joto halitaongezeka"

Joto halifuati usomaji wa geji ya busti, yaani shinikizo la hewa ambalo turbo inaongeza. Linafuata petroli inayoungua. Katika injini ya petroli, kwa makadirio, theluthi moja ya nishati huwa nguvu ya kuzungusha magurudumu, theluthi moja hutoka na moshi, na iliyobaki huingia kwenye maji, oili na chuma cha injini. Farasi 332 ni kilowati 248. Farasi 500 ni kilowati 373. Ukipata nguvu mara moja na nusu, umeongeza pia joto la kutupwa nje kwa kiasi hichohicho, ilhali rejeta ni ileile iliyopimwa kwa gari lisilo na turbo.

Mbona basi gari linatembea mjini wiki nzima bila shida? Kwa sababu mjini hakuna anayekanyaga mafuta hadi mwisho kwa zaidi ya sekunde chache. Hata kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu za gari, kipimo kimoja huisha kabla chuma hakijashiba joto. Karatasi ya daino yenye namba nzuri haisemi lolote kuhusu dakika ya 10 kwenye uwanja wa mbio, au mlima mrefu unaopandwa kwa gia ya tatu. Huko ndiko rejeta inakodaiwa kila kilowati.

Halafu kuna joto ambalo halikuwepo kabisa kabla ya turbo. Hewa ikibanwa hupata moto, hata kama chuma cha turbo kingekuwa baridi. Chukua hewa ya nyuzi 30 usawa wa bahari, ibane kwa busti ya baa 0.7, turbo ikiwa na ufanisi wa asilimia 70: hewa inatoka ikiwa na nyuzi 100 hivi. Intakula nzuri, yaani kipoza hewa iliyobanwa na turbo, inaweza kuondoa robo tatu ya joto lililoongezeka, ikaingia kwenye injini ikiwa na nyuzi 48 hivi. Mwenye gari hilohilo Dubai au Muscat mwezi wa Julai, hewa ya nje ikiwa nyuzi 45, na intakula ileile, ataingiza hewa ya nyuzi 63 au 64. Ndiyo maana mpangilio wa kompyuta ya injini ulionunuliwa kutoka nchi ya baridi haufai kupakiwa vilevile kwenye gari la nchi ya joto.

"Nairobi kuna baridi, huku turbo haihangaiki"

Hewa ya Nairobi kweli ni baridi, lakini pia ni nyepesi. Mji uko mita 1,795 hivi juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni kama baa 0.82 badala ya 1. Ukitaka injini ipate hewa ileile inayopata Mombasa au Dar es Salaam kwa busti ya baa 0.7, turbo haibani tena mara 1.7 bali zaidi ya mara 2. Kwa hewa ya nyuzi 25, na ufanisi uleule, itatoka ikiwa na nyuzi 120 na ushei, tena huku turbo ikizunguka kwa kasi kubwa zaidi. Hewa nyepesi hupitia kwenye rejeta na intakula pia, na huchukua joto kidogo zaidi kwa mwendo uleule. Mwenye turbo anayeishi nyanda za juu, Nairobi, Eldoret au Mbeya, asijilinganishe na mtu wa pwani kwa kutazama kipimajoto cha nje peke yake.

"Weka intakula kubwa na rejeta nene, mchezo umekwisha"

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Intakula hufungwa mbele ya rejeta. Kila unachokiongeza pale mbele kinazuia hewa ya walio nyuma yake, na hewa inayowafikia tayari imepashwa. Kwenye 370Z mlolongo huo una intakula, kondensa ya kiyoyozi, rejeta, na mara nyingi kipoza oili pembeni. Ukiongeza unene wa intakula bila kutengeneza njia ya hewa, hewa ya injini itashuka nyuzi kadhaa, maji yatapanda nyuzi kadhaa, na utalaumu rejeta iliyonyimwa hewa.

Hewa hupenda njia nyepesi. Ikiona nafasi ya vidole viwili kati ya intakula na bampa, itapita hapo badala ya kujisukuma kwenye mapezi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuziba: bamba la alumini au plastiki ngumu kutoka mdomo wa bampa hadi ukingo wa intakula, kisha hadi ukingo wa rejeta, na sponji ngumu kwenye kila upenyo. Kazi hii haina mvuto wa kupigwa picha, na gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na rejeta mpya. Ningeifanya kabla ya kununua chochote, na nimeshangaa mara nyingi kuona gari la mamilioni likiwa halina hata bamba moja mbele.

La pili ni njia ya kutokea, kwa sababu chumba kisicho na dirisha la upande wa pili hakipati upepo hata ukifungua mlango wote. Wengine huweka washa (vipande vya chuma vya duara) chini ya bawaba za boneti ili ukingo wa nyuma unyanyuke, wakidhani joto litatokea hapo. Gari likiwa limesimama, ndiyo, joto hupanda na kutoka. Likiwa kwenye mwendo, chini ya kioo cha mbele hewa hujirundika na shinikizo huwa juu. Ndiyo maana watengenezaji huweka hapo matundu ya kuingizia hewa ya ndani ya gari. Upenyo ule basi unaweza kuingiza hewa badala ya kuitoa, na kuikwamisha ile iliyopita kwenye rejeta. Matundu ya boneti yanayofanya kazi hukaa mbele zaidi, nyuma kidogo tu ya rejeta, ambapo hewa inayopita juu ya boneti hushusha shinikizo na kunyonya joto nje.

"Geji ya maji iko katikati, tuko salama"

Geji ya maji kwenye magari mengi ya kisasa imepangwa isimtishe dereva. Mshale husimama katikati kwa upana mkubwa wa nyuzi, na ukianza kupanda, muda wa kuokoa gaskiti ya hedi umebaki mdogo. Soma namba halisi kutoka kwenye sensa kupitia soketi ya uchunguzi, au funga geji inayoonyesha nyuzi.

La muhimu zaidi ni kwamba maji na oili havipandi pamoja. 370Z ina geji ya joto la oili kwenye dashibodi, na wamiliki waliopeleka magari yasiyoguswa kwenye viwanja vya mbio waliona mshale huo ukipanda kuelekea nyuzi 140, kisha kompyuta ikapunguza nguvu kulinda injini, huku maji yakiwa hayajalalamika. Nissan wenyewe baadaye wakaweka kipoza oili katika baadhi ya matoleo. Sasa fikiria oili hiyohiyo ikipewa kazi ya kulainisha na kupoza beringi za turbo mbili zinazopitisha moshi unaoweza kufika nyuzi 900. Kwa gari hili mimi nahesabu kipoza oili kuwa sehemu ya seti ya turbo. Asiyeweza kukinunua asubiri kununua turbo.

Ila kiwe na bamba lenye thamostati, yaani valvu inayofunguka kwa joto. Oili isiyofika nyuzi 90 au 100 haichemshi unyevu na petroli iliyoingia ndani yake, na gari la safari fupi litazunguka na oili iliyochafuka ingawa geji inapendeza.

"Toa thamostati, tia maji matupu"

Thamostati ikishafunguka yote, kazi yake imekwisha; kuanzia hapo rejeta, feni na hewa ndivyo vinavyoamua. Kuitoa kunachelewesha injini kupata joto, na kompyuta inayodhani injini bado ni baridi huendelea kumwaga petroli ya ziada. Katika baadhi ya injini thamostati pia hufunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi na sehemu ya maji huzunguka bila kuonana na rejeta kabisa, kwa hiyo injini inapata moto zaidi kuliko mwanzo.

Kuhusu maji, fundi anayesema maji hubeba joto kuliko kulanti anasema kweli. Kilo moja ya maji hubeba joto zaidi ya kilo moja ya mchanganyiko wa maji na kulanti nusu kwa nusu, tofauti ya zaidi ya asilimia 15. Viwanja na vyama vingi vya mbio hata hukataza kulanti yenye glikoli kwa sababu ikimwagika barabara huteleza. Lakini madereva wa mbio hutumia maji yaliyosafishwa na dawa ya kuzuia kutu, na huyabadilisha mara kwa mara. Maji ya kisima cha pwani yenye chumvi, yakikaa miezi kwenye rejeta ya alumini, huila na kuacha ukoko kwenye vijia vyembamba ambako joto linapaswa kupita. Na yanachemka mapema: nyuzi 100 pwani, 94 hivi Nairobi, kama hakuna shinikizo. Kifuniko cha rejeta cha baa 1.1 hupandisha kiwango hicho pwani hadi nyuzi 121 hivi, kwa hiyo kifuniko kilichochoka springi kinaweza kuchemsha gari zima.

"Funga bandeji kila bomba la ekzosi"

Bandeji ya kuzuia joto hubakiza joto ndani ya moshi, na hilo linaisaidia turbo kuamka mapema na kupunguza moto chini ya boneti. Ila chuma kilicho ndani yake sasa kinaishi kwenye joto kubwa zaidi, na manifoldi ya chuma cha kawaida chenye welding dhaifu hupasuka. Ikiloa maji ya mvua huota kutu isiyoonekana. Kwa turbo zilizokaa karibu na hozipaipu na nyaya, naona blanketi la turbo na kinga ya bati iliyoachiwa nafasi ya hewa pande zote mbili vinafaa zaidi. Joto la mnururisho huhitaji kitu cha kulirudisha tu, na bati jembamba linatosha. Zaidi ya hapo, sogeza waya.

"Ikigonga, ongeza petroli na urudishe taimingi nyuma"

Injini hugonga petroli inapolipuka yenyewe kwa joto na shinikizo badala ya kuungua kwa mpangilio. Petroli ya ziada chini ya busti hupoza chumba cha mwako, ndiyo, mpaka inapoanza kuosha oili kwenye kuta za silinda. Taimingi, yaani wakati wa kupiga cheche, ndiyo yenye mtego. Cheche ikichelewa, petroli humalizia kuungua pistoni ikiwa tayari inashuka, kwa hiyo moshi hutoka wa moto zaidi. Umeiokoa injini isigonge, na umepeleka joto kwenye manifoldi na turbo, ambako litaipasha hewa inayoingia, ambayo itaifanya injini igonge tena. Mzunguko huo unakatwa mwanzoni: hewa baridi zaidi, petroli ya okteni kubwa zaidi (inayostahimili kugonga) au busti ndogo. Na uwiano wa mgandamizo wa 11 kwa 1 hausamehe. Nissan walipotengeneza Z mpya yenye turbo mbili za kiwandani na farasi 400, injini ya VR30DDTT ya lita 3.0, waliushusha hadi 10.3 kwa 1 na kutumia intakula za kupozwa na maji.

"Usizime gari, liache lingurume dakika 5"

Ushauri huu ulizaliwa enzi za turbo zilizopozwa na oili peke yake. Ukizima ghafla, oili iliyobaki ndani ya beringi hukaangwa ikawa masizi magumu. Turbo nyingi za leo zina njia ya maji pia, na injini ikizimwa maji ya moto hupanda yenyewe na ya baridi kushuka kuchukua nafasi yake, pampu ikiwa imelala. Kuendesha taratibu kilomita moja au mbili za mwisho, bila busti, kunapoza turbo vizuri kuliko kungurumisha gari lililosimama, kwa sababu hewa inapita na pampu zinazunguka kwa kasi.

Lakini mzunguko huo wa maji baada ya kuzima hautokei kwa kila ufungaji. Bomba la maji linalotoka kwenye turbo lazima lipande mfululizo bila kushuka popote hadi linapoungana na mfumo. Kwenye seti ambayo turbo zimekaa chini pembeni mwa injini, fundi hupenda kulipitisha bomba juu ya kitu fulani na kulirudisha chini ili lionekane nadhifu. Hewa hukwama kwenye mbinuko ule, maji husimama, na turbo hukaanga oili yake kila jioni ingawa njia ya maji imefungwa vizuri na haivuji hata tone.