Je, wajua kwa nini mbegu nyingine hukataa maji?

Wifi yangu aliniletea kutoka Uingereza kipakiti cha mbegu za njegere ya maua, ule mmea mtambaazi wenye maua ya kunukia unaoitwa kitaalamu Lathyrus odoratus. Usiku niliroweka mbegu 12 kwenye bilauri. Asubuhi 7 zilikuwa zimevimba. Tano zilibaki vilevile, ndogo na ngumu kama changarawe. Hazikuwa zimekufa, ila hazikunywa hata tone.

Anayepika mbaazi anazijua hizi: zile mbili tatu zinazobaki ngumu wenzake wakiwa wameshaiva.

Siri iko kwenye ganda. Mbegu nyingi za jamii ya kunde zina ganda lenye chembe ndefu nyembamba, zimesimama zikabanana kama fito za ua, tena zina nta. Maji hayapati upenyo. Lakini kinachonistaajabisha zaidi ni kitovu, lile kovu dogo mahali mbegu iliposhikana na mmea. Kwa baadhi ya mimea ya jamii hii, hewa ikiwa kavu kitovu hufunguka, unyevu wa ndani ukatoka. Hewa ikiwa na majimaji, hujifunga. Kwa hiyo mbegu huzidi kukauka na wala hainywi.

Ukitaka ushahidi, nenda barazani kwenye bao. Zile kete 64 ni komwe, mbegu za mkomwe, mmea wa miiba wa pwani ambao nao ni wa jamii ya kunde. Huchezewa miaka na mikaka, mikono ikizitolea jasho, na hakuna inayoota. Bahari huzichukua komwe ikazitupa ufukwe wa mbali zikiwa bado hai, kwa sababu maji hayaingii na ndani mna hewa inayozifanya zielee.

Ukaidi huo una faida. Kila mkulima wa Unguja na Pemba ameshawahi kudanganywa na mvua ya vuli: inanyesha siku mbili, kisha jua kali. Mbegu zote zikiota kwa pamoja, zote hufa. Zile ngumu hubaki udongoni, ganda likachakaa taratibu kwa joto na baridi, zikaota baadaye.

Bustanini hatuna haja ya kungoja hivyo. Chukua msasa, ukwaruze ganda upande ulio mbali na kitovu mpaka uone rangi nyeupe-nyeupe ya ndani. Usizidishe, usije ukaumiza kiini. Kisha roweka saa chache tu. Ikikaa sana majini hukosa hewa ikaoza. Panda kina cha sentimita 2 hivi, uweke na fito za kutambalia.

Njegere hii asili yake ni kusini mwa Italia. Mtawa Francesco Cupani wa Sisilia ndiye aliyepeleka mbegu Uingereza mwaka 1699. Hupenda ubaridi, na joto likizidi vitumba hupukutika. Kwetu basi ni ya kipupwe, mwezi wa sita hivi, penye kivuli cha mchana. Joto la kaskazi hailiwezi. Na tafadhali, watoto wasizile hizo mbegu: zinafanana na njegere za mchuzi lakini zina sumu.

Zile tano zangu nilizikwaruza baada ya adhuhuri. Kufikia magharibi nne zilikuwa zimevimba. Ya tano nimeirudisha kwenye msasa.