Unyanyasaji wa watoto: maswali ambayo wazazi huyauliza kwa sauti ya chini

Unyanyasaji wa mtoto ni nini hasa?
Ni jambo lolote analotendewa, au analonyimwa, mtu wa chini ya miaka 18 na mtu anayemtegemea au kumwamini, likaumiza afya, makuzi au utu wake. Hilo la kunyimwa ndilo wengi hulisahau. Mtoto anayeumwa siku kadhaa bila kupelekwa kutibiwa, ilhali njia ipo, ametelekezwa hata kama hajawahi kuchapwa kofi. Mzazi asiye na kitu ni habari nyingine. Yeye anahitaji msaada, si lawama.

Nitajuaje alama ni ya mchezo au ya kipigo?
Tazama umri na mahali ilipo. Anayejifunza kutembea huumia magoti na paji la uso. Damu kuvilia masikioni, shingoni au tumboni inatia shaka, na kwa mtoto mchanga asiyeweza hata kujigeuza, alama yoyote ichunguzwe na daktari. Kumtikisa mtoto mchanga kwa nguvu kunaweza kuvujisha damu ubongoni, na nje usione kitu.

Maneno nayo ni unyanyasaji?
Kukemea mara moja kwa hasira, hapana. Kumwita mjinga kila siku, kumtishia kumfukuza, kumnunia wiki nzima: ndiyo. Aina hii haina kovu la kuonyesha, kwa hiyo huchelewa kugunduliwa.

Unyanyasaji wa kingono ni lazima aguswe?
La. Kumwonyesha picha za ngono au kumshawishi avue nguo mbele ya kamera ni unyanyasaji pia. Na mara nyingi mtendaji si mgeni, bali ni mtu anayekaribishwa nyumbani. Tunawafundisha watoto kuogopa wasiowajua, tukamsahau huyo.

Mtoto akinieleza, nifanye nini?
Msikilize bila kumhoji kama askari. Mwambie hana kosa. Usimwahidi kutunza siri, maana utalazimika kuripoti polisi au ustawi wa jamii. Usiende kumkabili mtuhumiwa. Mtoto anaweza kulipizwa kisasi.

Kama amebakwa au kulawitiwa, mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianza ndani ya saa 72. Ikiwezekana asioge kwanza, na nguo alizovaa zisifuliwe. Ameshaoga? Mpeleke vilevile.