Je, wajua kwa nini FUNDI "MWAMINIFU" anatia shaka?

Pita Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, usome vibao vilivyoandikwa kwa mkono. FUNDI BAISKELI "MWAMINIFU". SAMAKI "WABICHI" WAPO. Wenye biashara wamekusudia sifa, ila msomaji wa magazeti anacheka: fundi eti mwaminifu, samaki eti wabichi!

Kicheko hicho kinatokana na kazi ya alama za kunukuu. Zinaonyesha kwamba maneno si ya mwandishi, yametoka kinywani mwa mwingine. Ukinukuu hotuba, msemaji anajulikana. Ukizungushia neno moja tu bila kumtaja aliyelisema, unakuwa umejitoa: wanaosema ni wao, mimi simo. Gazeti likiandika kwamba tapeli "alimtibu" mgonjwa, hakuna anayedhani mgonjwa alipona. Majina ya utani ni habari nyingine, hapo alama hazina ubaya.

Hata hivyo mchora vibao ana hoja kuliko anavyodhaniwa. Katika karne ya 2 kabla ya Kristo, Aristarchus, mkuu wa maktaba ya Alexandria kule Misri, alikuwa akitia kialama mfano wa > pembeni mwa mashairi ya Homer, penye mstari wenye jambo la kuangaliwa. Hakikuwa cha kunukuu. Kilisema tu, tazama hapa. Baadaye waandishi wa Kikristo wakakitumia kuonyesha aya za Biblia ndani ya maandishi yao, na wachapaji wa Ulaya wakaja kukiingiza mstarini kutenga maneno ya wasemaji. Kwa ukoo, basi, alama hizi zilianza na msisitizo.

Taipureta nayo ilichangia. Ya kawaida haikuwa na herufi za mlalo wala nzito, kwa hiyo karani aliyetaka neno lionekane alibaki na herufi kubwa, kupiga mstari chini, au kulifungia ndani ya alama.

Mchora vibao, kwa maoni yangu, hana udhuru huo. Mkononi ana brashi na kopo la rangi nyekundu. Na mfano anao mtaani kwake, kwenye kanga: jina lake huchapwa kwa herufi kubwa, mara nyingi ndani ya kisanduku, bila alama yoyote ya kunukuu, na mlengwa hujijua.