Usalama wa chanjo za UVIKO-19: kutenganisha mchele na pumba

Uvumi mwingi uliozagaa kuhusu chanjo wakati wa UVIKO-19 ulikuwa na chembe ya ukweli ndani yake. Kuna watu walioganda damu. Kuna vijana waliopata uvimbe wa misuli ya moyo. Kuna wanawake waliochelewa kuona siku zao. Anayejibu hoja hizi kwa kukana kila kitu anaiua imani anayotaka kuijenga, maana msikilizaji ana jirani au ndugu aliyeugua baada ya kuchanjwa, na hatakubali kuambiwa hakuona alichokiona. Kwa hiyo tunaanza na kile kilicho kweli, kisha tunaonyesha hesabu ilipokosewa.

Dhana: "Ilitengenezwa haraka mno, haikujaribiwa"

Ni kweli ilikuwa haraka. Mpangilio wa vinasaba vya kirusi ulitolewa hadharani Januari 2020, na Desemba mwaka huohuo Uingereza ikaanza kuchanja wananchi wake. Lakini mambo mengi yalikuwa yameshafanyika. Virusi vya jamii ya korona vilichunguzwa tangu SARS ya 2003 na MERS ya 2012, na ilishajulikana kwamba protini ya miiba iliyo juu ya kirusi ndiyo ya kulengwa. Mwaka 2005 Katalin Karikó na Drew Weissman walionyesha namna ya kuibadili kidogo mRNA, yaani molekuli ya maelekezo ya kutengeneza protini inayotumika katika chanjo za Pfizer na Moderna, ili mwili usiishambulie kabla haijafanya kazi yake. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2023.

Kilichofupishwa ni kusubiri. Kwa kawaida awamu moja ya majaribio huisha, watafiti wakatafuta fedha, wakasubiri vibali, ndipo wakaanza nyingine. Safari hii awamu zilipandana, na viwanda vilianza kuzalisha dozi kabla majibu hayajatoka. Majaribio yangeshindwa, dozi zote zingetupwa na fedha zingepotea.

Idadi ya washiriki haikupunguzwa. Jaribio la Pfizer na BioNTech lilikuwa na watu wapatao 43,000, la Moderna kama 30,000. Nusu walichomwa chanjo, nusu maji ya chumvi, na si mshiriki wala mtafiti aliyejua nani kapata nini. Katika hesabu kuu ya Pfizer waliougua UVIKO-19 walikuwa 170: kati yao 162 walikuwa upande wa maji ya chumvi, 8 upande wa chanjo. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitaka angalau nusu ya washiriki wafuatiliwe kwa miezi 2 au zaidi baada ya dozi ya mwisho, kwa sababu madhara ya chanjo, yakiwepo, kwa kawaida hujitokeza ndani ya wiki 6. Na jaribio la AstraZeneca lilisimamishwa Septemba 2020 baada ya mshiriki mmoja tu kuugua ugonjwa usioelezeka wa mfumo wa fahamu.

Kipo kitu ambacho jaribio la namna hii haliwezi kukifanya, na kilipaswa kusemwa mapema zaidi. Tuseme dhara linampata mtu 1 kati ya 100,000. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kuliona japo mara moja, unahitaji kuchanja watu 300,000. Jaribio lenye waliochanjwa 20,000 litalipita bila kuliona. Dhara adimu huonekana baada ya chanjo kuanza kutumika kwa mamilioni, na ndiyo maana ufuatiliaji baada ya kuidhinishwa una uzito sawa na jaribio lenyewe.

Dhana: "Chanjo ni salama kabisa, haina madhara yoyote"

Dhana hii ilienezwa na watu wenye nia njema, na kwa maoni yetu ndiyo iliyodhuru imani kuliko zote. Hakuna dawa wala chanjo ya namna hiyo.

Machi 2021 nchi kadhaa za Ulaya zilisitisha chanjo ya AstraZeneca baada ya wagonjwa wachache kupata mabonge ya damu huku chembe sahani zao zikiwa chini. Huo ni mkanganyiko wa ajabu, kwa sababu chembe sahani ndizo zinazosaidia damu kuganda. Zikipungua ungetarajia mtu avuje damu. Ulikuwa mwenendo usiofanana na kuganda kwa damu kwa kawaida, na ndio uliowashtua madaktari. Tarehe 7 Aprili 2021 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitamka kwamba uorodheshwe kama dhara la nadra sana la chanjo hiyo. Wiki iliyofuata, tarehe 13 Aprili, Marekani ilisitisha chanjo ya Johnson & Johnson kwa sababu ya wagonjwa 6 kati ya dozi zaidi ya milioni 6.8, ikairuhusu tena baada ya siku 10 ikiwa na onyo jipya.

Wengi waliona usitishaji ule kama ushahidi kwamba chanjo ni sumu. Lakini tazama ulichozaa. Madaktari walijifunza kwamba mgonjwa wa aina hii asipewe heparini, dawa ambayo wangeikimbilia kwa mgonjwa yeyote mwenye bonge la damu. Nchi nyingi ziliwahamishia vijana kwenye chanjo nyingine. Na wananchi walipewa dalili za kuangalia, kwa kawaida kati ya siku ya 4 na ya 30 baada ya dozi: maumivu makali ya kichwa yasiyotulia, kuona ukungu, kifua kuuma au pumzi kubana, mguu mmoja kuvimba, tumbo kuuma mfululizo, na vidoadoa vyekundu au vya zambarau chini ya ngozi mbali na palipochomwa sindano. Anayeziona aende hospitali siku hiyohiyo, na aseme amechanjwa nini na lini.

Kwa chanjo za mRNA, dhara lililothibitika ni uvimbe wa misuli ya moyo. Huwapata zaidi wanaume vijana, hasa baada ya dozi ya pili, mara nyingi ndani ya siku chache: kifua kuuma, pumzi kukatika, moyo kwenda mbio. Wengi hupata nafuu kwa mapumziko na matibabu. Hapa pia ufuatiliaji ulileta mabadiliko, kwani kuongeza nafasi kati ya dozi mbili hadi wiki 8 hupunguza hatari.

La tatu ni mzio mkali wa ghafla, takriban mara 5 katika kila dozi milioni 1 za mRNA. Mara nyingi huanza ndani ya dakika 15, na hiyo ndiyo sababu ya kuambiwa ukae pale kituoni. Mchanjaji lazima autofautishe na kuzimia kwa woga. Aliyezimia huwa mweupe au kijivu, jasho jembamba, mapigo ya taratibu, na akilazwa miguu juu anazinduka. Mwenye mzio hutokwa na vipele vinavyowasha, midomo au ulimi huvimba, anakoroma akivuta pumzi, mapigo yanakwenda kasi. Huyu wa pili anahitaji adrenalini mara moja, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja upande wa nje, irudiwe baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Kituo kisicho na adrenalini mezani hakipaswi kuchanja.

Dhana: "Alichanjwa Jumatatu, Jumamosi akafariki, basi ni chanjo"

Chukua ugonjwa wowote unaowapata watu 365 kwa mwaka katika kila watu milioni 1. Hiyo ni wastani wa mtu 1 kwa siku. Sasa chanja watu milioni 1 siku moja kwa maji matupu. Ndani ya siku 14 zinazofuata, watu 14 kati yao wataugua ugonjwa huo, na kila familia itakumbuka sindano. Kampeni za UVIKO-19 zilianza na wazee na wagonjwa wa kudumu, watu ambao vifo kwao ni vingi hata bila chanjo.

Swali sahihi ni kama waliougua ni zaidi ya wale ambao wangeugua hata hivyo. Wakitokea 14, hakuna ishara. Wakitokea 40, lazima chanzo kitafutwe. Ndivyo mabonge ya damu yalivyogunduliwa. Kwa hiyo ripoti maelfu zilizo kwenye mifumo ya taarifa kama VAERS ya Marekani ni mwanzo wa uchunguzi. Mtu yeyote anaweza kuripoti, na ripoti peke yake haithibitishi chanzo.

Wachunguzi wanaofuata utaratibu wa Shirika la Afya Duniani hupanga matukio katika mafungu matano: yatokanayo na chanjo yenyewe, kasoro ya ubora kiwandani, makosa ya utoaji, woga wa sindano, na sadfa. Makosa ya utoaji hayazungumzwi vya kutosha. Mwaka 2017 huko Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa baada ya kuchanjwa surua. Chanjo ilikuwa sawa. Bomba moja la kuchanganyia lilitumika bila kubadilishwa kwa siku zote 4 za kampeni, na vichupa havikutunzwa kwenye ubaridi, hivyo vijidudu vikazaliana ndani. Kichupa cha surua kikishachanganywa kina saa 6 tu, kisha hutupwa hata kama kimebaki nusu.

Chanjo za UVIKO-19 zilikuwa na mitego yake. Kichupa cha kwanza cha Pfizer kilikuwa na mililita 0.45 za dawa nzito, zikaongezwa mililita 1.8 za maji ya chumvi, kichupa kikageuzwa juu chini mara 10 bila kutikiswa, ndipo zikavutwa dozi za mililita 0.3. Mchanjaji akisahau kuongeza maji, mtu anapata dozi mara 5. Akitikisa kwa nguvu, vitone vya mafuta vinavyobeba mRNA vinaweza kuharibika na mtu akaondoka bila kinga. Una haki ya kumuuliza mchanjaji kichupa kimefunguliwa saa ngapi.

Dhana: "Inabadili vinasaba"

mRNA ya chanjo hukaa nje ya kiini cha seli, husomwa kama maelekezo ya kutengeneza protini ya mwiba, kisha huvunjwavunjwa. Vinasaba vyako vimo ndani ya kiini, na chanjo haina kimeng'enya cha kuigeuza mRNA kuwa DNA. Kuhusu AstraZeneca na Johnson & Johnson jibu ni tofauti, na wengi hulichanganya. Chanjo hizi hutumia adenovirusi, aina ya kirusi, aliyeondolewa uwezo wa kuzaliana, na DNA yake huingia kwenye kiini kweli. Inasomwa humo, lakini haina zana za kujishonea kwenye kromosomu, tofauti na VVU ambavyo vina zana hizo.

Chipu na sumaku havihitaji maneno mengi. Ndani ya kichupa kuna mRNA au adenovirusi, mafuta au viimarishi, chumvi na sukari. Kifaa cha kutuma taarifa mbali kinahitaji betri na antena, na havipo.

Dhana: "Inaleta ugumba"

Dai lilikuwa kwamba protini ya mwiba inafanana na protini ya kondo la nyuma, hivyo kingamwili zitaishambulia mimba. Mfanano wenyewe ni mdogo mno. Zaidi ya hapo, anayeugua UVIKO-19 hutengeneza kingamwili zilezile. Kama zingeua mimba, ugonjwa ungekuwa umefanya hivyo kwa mamilioni. Ndani ya majaribio yenyewe wanawake walishika mimba katika makundi yote mawili.

Ila wanawake waliosema mzunguko wao umebadilika walipuuzwa kwa miezi, na walikuwa sahihi. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2022, wa wanawake karibu 4,000, ulikuta hedhi ilichelewa kwa wastani usiofika siku 1 kwa dozi, kisha mzunguko ukarudi. Badiliko dogo la muda. Lingesemwa mapema, uvumi wa ugumba usingepata pa kushika.

Dhana: "Waliochanjwa nao wanalazwa, haifanyi kazi"

Watu 1,000: 900 wamechanjwa, 100 hawajachanjwa. Tuseme bila chanjo 20 katika kila 100 wangelazwa, na chanjo inazuia asilimia 80 ya hayo. Wasiochanjwa watalazwa 20. Waliochanjwa watalazwa 4 katika kila 100, yaani 36. Ukiingia wodini utakuta wengi wao wamechanjwa, 36 kwa 20, ilhali aliyechanjwa ana hatari ndogo mara 5.

Tukubali pia kwamba ahadi zilipitiliza. Majaribio ya kwanza yalipima watu kuugua, hayakupima kuambukiza wengine. Kinga dhidi ya maambukizi ilipungua kwa miezi, na Omicron, aina mpya ya kirusi, ikaikwepa kwa kiasi kikubwa. Kinga dhidi ya ugonjwa mkali na kifo ndiyo iliyodumu vizuri zaidi.

Dhana: "Ukidhurika, hakuna wa kukulipa"

Ni kweli makampuni yalipewa kinga ya mashtaka katika mikataba mingi. Kwa dozi zilizogawiwa kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo za UVIKO-19, nchi na maeneo 92 ya kipato cha chini na cha kati yaliwekewa mfuko wa fidia usiohitaji mahakama: aliyepata ulemavu mkubwa wa kudumu, au familia ya aliyefariki, iliweza kuomba bila kuthibitisha kosa la mtu.

Ombi lolote la fidia, na hata ripoti ya kawaida, huanzia kwenye kadi. Hakikisha imeandikwa jina la chanjo, namba ya toleo, tarehe na kituo, na uipige picha siku hiyohiyo. Maumivu ya mkono, homa na uchovu wa siku 1 hadi 3 ni kawaida. Vikipita hapo, au ikitokea dalili yoyote tuliyoitaja juu, ripoti kituoni na useme saa ilipoanza. Namba ya toleo ikikosekana, wachunguzi hawawezi kujua kama wengine waliochanjwa kutoka toleo hilohilo nao wameugua.