Magonjwa ya mfumo wa upumuaji: kutoka puani hadi kwenye vifuko vya hewa

Magonjwa ya mfumo wa upumuaji ni yale yanayoishika njia ya hewa mahali popote, kuanzia tundu za pua hadi vifuko vidogo vilivyo ndani kabisa ya mapafu. Hewa ikishavutwa hupita puani, hushuka kooni, huingia kwenye bomba la hewa, kisha hugawanyika katika mirija miwili, mmoja kwa kila pafu. Mirija hiyo hutoa matawi yanayozidi kuwa membamba mpaka kwenye vifuko vya hewa, ambavyo idadi yake hufika mamia ya mamilioni. Humo ndimo oksijeni inamoingia kwenye damu. Kila ugonjwa una makazi yake katika njia hii, na makazi hayo ndiyo yanayoeleza kwa nini kikohozi cha huyu huisha chenyewe nyumbani na cha yule hutaka dawa kwa miezi sita.

Juu kabisa yako mafua. Huletwa na virusi, hukaa puani na kooni, na kwa kawaida mwili huyamaliza wenyewe ndani ya siku saba hadi kumi. Antibiotiki haziui virusi. Vidonge viwili vitatu vinavyonunuliwa dukani "kukata mafua" havikati kitu, ila huwazoesha bakteria dawa ambayo kesho utaihitaji kweli. Homa ya influenza na UVIKO-19 nazo huanzia huku juu, lakini zina nguvu ya kuteremka hadi mapafuni, hasa kwa wazee na wenye maradhi mengine.

Mirija mikubwa ikivimba, huo ni mkamba. Ule wa muda mfupi mara nyingi hufuata mafua, na kikohozi chake kinaweza kuvuta wiki tatu. Mkamba sugu ni habari nyingine: mtu hukohoa makohozi miezi mitatu au zaidi kwa mwaka, miaka miwili mfululizo. Wengi huwaza sigara, na hawakosei. Lakini yuko pia mama ambaye hajawahi kushika sigara, ila amepikia kuni miaka yote katika jiko lisilo na dirisha.

Pumu huishika mirija midogo. Misuli inayoizunguka hukaza, kuta zake huvimba kwa ndani, na ute huziba nafasi iliyobaki. Kutoa hewa huwa kugumu kuliko kuivuta, ndiyo maana husikika mluzi kifuani. Pumu haiambukizi. Shambulio huamshwa na vumbi, moshi, chavua, manyoya ya wanyama, mafua, hata baridi ya alfajiri. Dawa za kuvuta kwa mdomo ni za aina mbili: ya kufungua mirija wakati wa shambulio, kama salbutamoli, na ya kutuliza uvimbe, ambayo hutumiwa kila siku hata ukijisikia mzima. Hii ya pili ndiyo watu huiacha, kwa imani kwamba "ukizoea pampu, huachi tena". Dawa hizo hazileti uraibu. Anayepaswa kutiliwa shaka ni yule anayemaliza kopo baada ya kopo la kufungua mirija, maana uvimbe wake hautibiwi.

Ukifika kwenye vifuko vyenyewe unakutana na nimonia, na hapa sina haraka, kwa sababu ni miongoni mwa magonjwa yanayoongoza kuua watoto wa chini ya miaka mitano duniani. Vijidudu, mara nyingi bakteria au virusi, huvijaza vifuko majimaji na usaha, hewa ikakosa pa kukaa. Kwetu lawama zote hutupiwa baridi, mtoto akavishwa sweta tatu huku akihema. Mvue kwanza kifua, umhesabie pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni za haraka kupita kiasi. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka mmoja hadi kutimiza mitano, ni 40. Akifikia hapo mpeleke kituo cha afya. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au kulegea asiamke, usisubiri kuche. Nimonia ya bakteria inayogunduliwa mapema hutibika kwa amoksilini, dawa ya bei ndogo. Ipo pia chanjo ya nimokoko, bakteria mmojawapo wanaoleta nimonia, iliyoingia katika ratiba ya watoto Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwanzoni mwa 2013.

Kifua kikuu nacho hupenda mapafu, ila huenda polepole. Bakteria wake walitangazwa na Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Huenea kwa hewa mgonjwa anapokohoa. Kijiko na sahani havihusiki. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, homa za jioni na kukonda ni sababu tosha ya kupima makohozi. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO limefundisha panya buku kunusa makohozi. Panya mmoja hupitia sampuli mia moja kwa dakika ishirini hivi, na sampuli anazozitilia shaka hurudiwa maabara. Tiba ya kawaida ni miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa minne. Mgonjwa hupata nafuu mapema, na hapo ndipo wengi huacha dawa, wakarudi na kifua kikuu sugu, kisichosikia dawa za kawaida.

Wachimbaji wa migodini wana hatari mara mbili. Vumbi la mawe yenye silika, madini yaliyomo pia kwenye mchanga, huganda kwenye vifuko na kuacha makovu, ugonjwa uitwao silikosisi, na mapafu yenye makovu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kifua kikuu chao kinatibika. Makovu hayana dawa ya kuyafuta, kwa hiyo kinga ni kulowesha mwamba kwa maji wakati wa kuchoronga, kupitisha hewa shimoni na kuvaa barakoa ya kuchuja vumbi. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe ndogo kiasi hicho.